Paipu za mboga: juu zinakauka, chini zinaoza

Ummu Nasra, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum nyote. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kupanda mboga kwenye vyombo vya kusimama, kwani kila ninachokirekebisha upande mmoja kinaharibika upande wa pili.

Ninaishi ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya zamani, maeneo ya Malindi, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Sehemu pekee inayopata jua ni kisakafu cha wazi cha juu, chenye upana wa hatua nne na urefu wa hatua sita hivi, na nusu yake imeshikwa na tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Mwezi wa Novemba, mvua za vuli zilipokolea, nilinunua paipu tano za plastiki za inchi 4, kila moja ina urefu wa futi 6, ambazo muuzaji alikuwa ameshazitoboa matundu ya kupandia pande zote na akanihakikishia kuwa kazi yangu ni kujaza udongo tu. Nilizijaza udongo wa kinongo kutoka shamba la jamaa zetu, nikachanganya na mbolea ya ng'ombe iliyokauka, na kwa kuwa udongo ulionekana mzito, nilisikiliza ushauri wa mtu nikaongeza mchanga wa pwani. Kisha nikazisimamisha na kuziegemeza kwenye ukuta wa upande wa kusini, ambao unanifika kifuani. Nimepanda mchicha, saladi, kotmiri na nanaa, na kileleni mwa paipu mbili nimeweka mche wa tungule.

Ninamwagilia asubuhi na jioni kwa kopo, nikimimina juu. Ikifika saa nne asubuhi mboga za matundu ya juu zimeshalala, na udongo wake ukiushika ni mgumu kama kipande cha tofali. Matundu ya chini yamejaa tope lenye harufu mbaya. Juzi niling'oa shina la nanaa nikakuta mizizi yake ni ya rangi ya kahawia na inavuliwa ganda kwa kidole. Mboga za katikati ziko hai, lakini majani yake machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Nikipunguza maji, za juu zinakufa. Nikiongeza, za chini zinazidi kuoza. Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi: jirani yetu wa chini ameniita kunionesha doa la unyevu kwenye dari yake, na sina shaka kwamba limetokana na maji yangu.

Je, kosa liko kwenye udongo, kwenye umwagiliaji, au kwenye mahali nilipoziweka? Na je, kuna njia ya kuyafikisha maji kwa usawa juu na chini?

Mkaazi wa Michenzani

Waalaykum salaam dada Ummu Nasra. Mimi ninalima kwenye roshani ya fleti, mahali ambapo mtu akifungua mkono wa kulia na wa kushoto anagusa kuta zote mbili, na paipu zangu za mwanzo zilifanya hayo hayo unayoyaeleza. Nianze na maji.

Maji unayoyamimina juu hayashuki kwa usawa. Udongo wa juu ukishakauka na kushikana, huacha mwanya mdogo kati yake na ukuta wa paipu, na maji hupita kwenye mwanya huo moja kwa moja hadi chini bila kuulowesha. Ukitaka kuhakikisha, mwagilia kisha chimba kidole kwenye tundu la juu: utakuta unyevu wa juu juu tu, na ndani vumbi. Dawa yake ni paipu ya pili, nyembamba, ya nusu inchi au ya robo tatu, inayopita katikati ya ile kubwa kutoka juu hadi karibu na chini. Izibe upande wa chini, kisha itoboe kwa msumari uliopashwa moto, na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hutoboa kwa nafasi sawa kutoka juu hadi chini. Maji yana tabia ya kukimbilia chini, kwa hiyo sehemu ya juu toboa kila baada ya vidole viwili, sehemu ya kati kila baada ya vidole vinne au vitano, na theluthi ya chini acha tundu moja au mawili tu. Izungushie kipande cha chandarua kikuukuu ili udongo usizibe vitundu. Mdomoni mwake ninachomeka chupa ya lita moja na nusu iliyogeuzwa kichwa chini, yenye tundu dogo kwenye kifuniko, na maji huchukua kama nusu saa kumalizika. Kwa joto la miezi hii, chupa moja asubuhi na nusu chupa jioni inazitosha mboga za majani katika paipu kama zako.

Sasa udongo. Kinongo ni udongo mzuri sana shambani, ambako una kina na wadudu wa kuulegeza, lakini ndani ya paipu ya inchi 4 chembe zake ndogo hujipanga na kubana, hewa ikakosekana kabisa chini, na ndiyo sababu ya ile harufu. Mimi natumia sehemu mbili za usumba wa nazi (nyuzi za makumbi), sehemu moja ya mboji au samadi iliyooza vizuri, na sehemu moja ya kinongo. Usumba unashika maji kama sifongo na wakati huo huo unaacha nafasi ya hewa.

Nakuomba uwe makini na usumba wenyewe, maana uliniunguza mimi. Polo langu la kwanza nililinunua kutoka kijiji cha pwani ya mashariki, kwa kinamama wanaosokota kamba. Makumbi yao hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa ili yalainike, na mimi sikulifikiria hilo. Nilipanda miche arobaini. Katika muda wa wiki moja ncha za majani zote zilikuwa zimekauka na kujikunja, kama kwamba mtu amepita na kijinga cha moto. Nilichukua konzi ya usumba uliobaki, nikauloweka kwenye bakuli usiku kucha, na asubuhi nikayaonja yale maji: ilikuwa chumvi kabisa. Tangu hapo kila usumba ninauloweka kwenye ndoo usiku mmoja, namwaga maji, narudia mara tatu au nne, na siutumii mpaka maji yake yawe hayana ladha yoyote. Ukipata makumbi makavu ambayo hayajaingia pwani, yapondeponde mwenyewe; kazi ni kubwa zaidi ila wasiwasi ni mdogo.

Mchanga wa pwani uondoe wote. Una chumvi, na mchanga wetu mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani ni chokaa. Chokaa ikizidi, mmea hauwezi kuyapata madini ya chuma hata kama yamo kwenye udongo, na dalili yake ndiyo hiyo ya majani machanga kuwa manjano na mishipa kubaki kijani. Usiongeze samadi kwa kudhani kwamba mboga zina njaa.

Fundi wa Chokaa

Dada yangu, mimi si mkulima. Kazi yangu ni kukarabati nyumba za Mji Mkongwe na nimeifanya kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia sakafu unayosimamia, na nakuomba ulitangulize hili kabla ya mboga.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa urefu wake ndizo zilizofanya vyumba vingi viwe vyembamba, takriban mita 3 kwa upana. Boriti haiozi katikati kwanza. Inaoza kichwani, pale inapoingia ukutani, kwa sababu maji yakishaingia kwenye ukuta wa chokaa hukaa humo na boriti huyanywa polepole bila mtu kuona. Doa la dari ya jirani yako linapokuwa karibu na ukuta, ndipo linaponitia hofu zaidi, na wewe umeziegemeza paipu ukutani.

Uzito wako unastahimilika. Paipu ya inchi 4 na futi 6 inachukua udongo wa lita 15 hivi, na udongo wa kinongo ukiloa unakaribia kilo 27, kwa hiyo zote tano ni kama kusimama kwa watu wawili wazima. Ukiziweka kandokando, juu ya mstari wa ukuta unaobeba, sina pingamizi. Asitokee tu mtu wa kukushauri uhamie kwenye mapolo yaliyojazwa udongo, ambayo kila moja likiloa linaweza kufika kilo 200 mahali padogo, ukaliweka katikati ya chumba cha watu.

Maji ndiyo adui. Kwanza, kila paipu isimame ndani ya karai au beseni pana, na beseni liinuliwe juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini yake na uweze kuona kama linavuja. Pili, paipu zikae mbali na ukuta kwa shubiri moja kamili. Tatu, usipige msumari wala skrubu ukutani. Tengeneza fremu ya mbao yenye miguu iliyopanuka, izuie kwa ndoo mbili za mawe, na paipu zifungwe kwenye fremu hiyo, kwa sababu upepo wa kaskazi na wa kusi una nguvu huko juu, na paipu ikiangukia uchochoroni itamuua mtu. Kama ulikuwa na nia ya kutundika chochote kwenye ukuta wa nje au kwenye roshani ya mbao inayotazama njia, pita kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe uulize. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na sura ya nje ya nyumba haibadilishwi kwa hiari ya mkaazi.

Doa la jirani lisipigwe plasta ya saruji. Saruji itafungia unyevu ndani na hali itakuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Acha pakauke kabisa, hata ikichukua miezi, kisha pasiribwe kwa chokaa.

Ummu Nasra, Mji Mkongwe

Nawashukuru sana, kaka zangu. Leo asubuhi nimeziondoa zote ukutani, na nyuma yake nimekuta mstari mweusi wa unyevu kutoka chini hadi usawa wa goti, ambao sikuwahi kuuona kwa sababu paipu zenyewe ziliuficha. Jirani nimeshamwomba radhi, na tumekubaliana kwamba fundi aje kupaangalia pakikauka.

Kabla sijazijaza upya, naomba kujua nizisimamishe wapi. Wapo wanaosema mboga za majani zinataka kivuli, na wapo wanaosema jua la kutwa.

Maalim wa Wete

Ummu Nasra, mwanangu, nimesomesha kilimo skuli kwa muda mrefu huku Pemba, na naona ufunguo wa tatizo lako uko kwenye sentensi moja uliyoiandika bila kuitilia mkazo: ukuta wa kusini unaofika kifuani.

Visiwa vyetu viko kiasi cha digrii 5 hadi 6 kusini ya ikweta. Jua hupita utosini kwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na katika miezi iliyo kati ya Oktoba na Machi linapita upande wetu wa kusini kutwa nzima. Toka sasa hivi saa sita mchana utazame kivuli chako. Mwezi huu wa Januari kinaangukia kaskazini. Kwa hiyo paipu zako, zikiwa zimeegemea ukuta wa kusini, zilikuwa na futi 4 za chini ndani ya kivuli cha ukuta tangu asubuhi hadi jioni, na futi 2 za juu zilizochomoza zikipigwa na jua kali na upepo wa kaskazi kwa pamoja. Hata ungegawa maji kwa mizani, za juu zingekauka na za chini zingeoza, kwani mmea ulio kivulini hunywa kidogo. Shauri la paipu ya ndani ni zuri na ulifuate, lakini mahali ndipo penye nusu ya dawa.

Zisimamishe upande wa kaskazini wa sakafu, zitazame kusini, mpaka Machi ianze. Baada ya hapo jua litahamia kaskazini na utazihamishia upande wa pili, na zikiwa kwenye fremu kama alivyoeleza fundi, watu wawili wanatosha kwa kazi hiyo. Kwa kuwa zimetobolewa pande zote, zigeuze robo ya duara kila baada ya siku tatu, na uweke alama ya chaki ili usisahau zilipofikia. Mboga za majani zinatosheka na saa nne hadi sita za jua, na bora liwe la asubuhi. Kuanzia saa saba mchana katika miezi ya joto, tandaza kanga kuukuu au wavu wa kivuli juu ya kamba zako za nguo. Paipu zenyewe kama ni za kijivu zipake chokaa nyeupe, kwa maana plastiki ya kijivu inameza joto na mizizi iliyogusana nayo inaungua.

Kuhusu nini kikae wapi: paipu ya kusimama ina hali ya hewa tatu, na kila mmea una yake. Juu penye jua na ukavu weka mrehani na pilipili. Katikati weka mchicha, ambao utauvuna baada ya wiki tatu au nne, na ukiukata badala ya kuung'oa utachipua tena. Chini penye unyevu ndipo pa nanaa. Tungule ziondoe kabisa kwenye paipu. Mtungule mmoja unataka udongo wa ndoo nzima ya lita 20 peke yake, na kule kileleni ulikuwa unawanyang'anya maji wenzake wote.

Saladi na kotmiri usizilaumu udongo. Katika joto la sasa zote mbili hukimbilia kutoa maua, majani ya saladi yakawa machungu na kotmiri ikabaki vijiti. Zingojee hadi kipupwe, kuanzia Juni. Wakati huo chukua giligilani ile ile ya jikoni, yaani mbegu za kotmiri, ambayo haijakaangwa, iviringishe taratibu chini ya chupa mpaka kila punje ipasuke vipande viwili, iloweke usiku mmoja, na uipande moja kwa moja ndani ya tundu lake, kwa sababu kotmiri haipendi kuhamishwa.

Neno la mwisho ni la afya. Udongo wa paipu unaishiwa haraka, na ni desturi nzuri kuulisha kila wiki mbili kwa maji ya samadi, sehemu moja ya samadi iliyooza kwa sehemu kumi za maji. Yamiminwe kwenye paipu ya ndani peke yake. Yasiguse majani, hasa ya nanaa na saladi ambayo watoto huyala mabichi.

Mkaazi wa Michenzani

Maalim, suala la jua la kusini na kaskazini lilinipita kabisa, na sasa nimeelewa kwa nini roshani yangu huzaa vizuri nusu ya mwaka tu. Ahsante sana.

Niongeze kuhusu mabeseni ya fundi. Maji yanayokusanyika humo yasilale hata siku mbili, kwani mbu anayeeneza homa ya dengi anapenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na toka yai hadi mbu mzima ni kama wiki moja tu. Mimi nayarudisha juu kila jioni, na kila baada ya wiki mbili nayamwaga yote na kupitisha maji mapya mengi, maana chumvi ya maji ya kisima hujilimbikiza kila yanapozunguka.

Ummu Nasra, Mji Mkongwe

Narudi baada ya wiki tano kuwaeleza yaliyotokea. Paipu nne zimesimama upande wa kaskazini kwenye fremu, zimepakwa chokaa, na ndani zina mchanganyiko wa usumba nilioulowesha mara nne. Ya tano nimeiacha, kwa sababu maji ya bomba hayatoki kila siku na tangi letu haliwezi kunywesha zaidi ya nne. Leo nimechuma mchicha wa mara ya kwanza, mafungu matatu makubwa, moja nimempelekea jirani wa chini. Nimechimba kidole kwenye tundu la juu kabisa na lile la chini kabisa: unyevu ni ule ule. Doa la dari halijaongezeka, na fundi aliyekuja kulitazama amesema lisiguswe mpaka masika yapite.

Limebaki moja. Kunguru wanang'oa miche ya pilipili siku ile ile ninayoipanda, wanaiacha juu ya sakafu bila kuila.

Maalim wa Wete

Kunguru anachokoa kila kitu kipya anachokiona kwenye udongo uliofukuliwa. Kata chupa ya plastiki katikati, uivishe juu ya mche kama kofia isiyo na kifuniko, na uichomeke inchi mbili ndani ya usumba. Iondoe baada ya siku kumi, mche ukishashika mizizi, na uiondoe wakati wa jioni ili jua lisiupige ghafla.